Rangi Nyekundu kwa Bi Tabu

Bombambili, Songea
16 Januari 1995

Mjomba Tadei,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Hapa nyumbani tupo. Mguu wa Bibi umepungua uvimbe tangu alipopelekwa hospitali ya Peramiho, ila anagoma kutumia fimbo aliyopewa. Anasema fimbo ni ya wazee. Mama yuko shamba. Mahindi yamefika magotini, mengine yana unjano kwa sababu mwaka huu mbolea imetushinda bei. Matokeo ya kidato cha nne bado. Kila redio ya jirani ikipandishwa sauti nadhani wanayatangaza, kumbe ni matangazo ya vifo.

Nimepata kazi ya miezi sita. Utashangaa, maana ni wewe uliyesema siwezi hata kuomba chumvi kwa jirani. Sikuomba. Bwana Henry Kalinga, afisa utamaduni, aliona mwandiko wangu kwenye daftari la kwaya akamwambia Mama, "Huyu anaandika vizuri kuliko anavyoongea. Nipeni mimi." Alipofika nyumbani Bibi akamuuliza kama mbwa wetu yuko salama, kwa kuwa yeye ni Mhehe, na hao watani wetu husemwa hula mbwa. Akajibu kwamba mbwa wa Wangoni wana mifupa mitupu. Basi wakaelewana.

Imekuja barua kutoka Dar es Salaam: kila wilaya ihesabu majengo yake ya kale na ieleze ujenzi wa sasa unayafanya nini. Siku hizi, Mjomba, unalala, ukiamka unakuta fremu za maduka zimeota palipokuwa na nyumba ya mtu. Kila jengo lina fomu yake: mwaka, aliyejenga, paa, milango, hali, na mstari wa mwisho umeandikwa KINACHOTISHIA JENGO. Bwana Kalinga anapima kwa futi kamba, mimi naandika, kisha napaka namba ukutani ili jengo lisihesabiwe mara mbili. Rangi nyeupe haikupatikana. Tumepewa kopo la nyekundu lililobaki kwa watu wa barabara.

Ninayoipenda ni namba 4, lile duka la zamani la marehemu Mzee Chande karibu na soko, anapoishi mkwewe, Bi Tabu. Vigae vyekundu, milango sita ya mninga, baraza refu. Kwenye sakafu ya matofali kuna alama ya kwato za mbuzi. Mbuzi huyo alikanyaga tofali likiwa bichi, na hakuna aliyelitupa. Barabara imeinuliwa mara mbili tangu mwaka juzi, kwa hiyo sasa sakafu iko chini yake na mvua inaingia hadi ndani kama mgeni aliyekaribishwa. Nimeandika hayo kwenye mstari wa mwisho.

Nilipokuwa napaka namba Bi Tabu alitoka akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni ya nini?" Bwana Kalinga alikuwa nyuma ya nyumba. Nikasema, "Shikamoo. Ni ya ofisi." Sikumaliza. Nikachukua kopo nikaondoka.

Umesema mwaka huu utanichukua nije kusoma uhazili huko. Bado nangoja.

Mpwa wako,
Walburga

*

Dar es Salaam
20 Februari 1995

Mpendwa mpwa wangu Walburga,

Marahaba. Barua yako imekaa sandukuni kwa sababu nilikuwa safarini. Huku joto, na umeme wanatugawia kwa zamu. Mwambie Mama, yaani bibi yako, atumie ile fimbo, asinitie wasiwasi. Mwambie dada Imaculata mbolea nitaangalia.

Nimefurahi kwa kazi yako. Umeeleza vizuri sana, na ningependa kujua zaidi, maana mambo ya kale yananigusa. Hiyo milango sita ya namba 4, ni ya mbao mbili mbili au moja moja? Upana wake? Bawaba ni za chuma au shaba? Vigae vilivyovunjika ni vingapi kwa kukadiria? Bi Tabu ana hati, na wanawe wanaishi wapi? Na majengo mengine je? Ukiweza nakili hizo fomu unitumie. Huku kuna watu wanathamini vitu vya namna hiyo.

Jambo moja la kukuusia kama mtu niliyefanya kazi serikalini miaka kumi na minne. Kazi ya serikali haielezwi barabarani. Ukianza kueleza watu, hutamaliza. Wewe Mungu amekujalia ukimya, utunze.

Mjomba wako,
Tadei

*

Bombambili
6 Machi 1995

Mjomba Tadei,

Shikamoo. Bibi ameitumia fimbo: anafukuzia kuku. Mama anasema asante kwa kuangalia mbolea, ila mahindi sasa yanatoa mbelewele, kwa hiyo usiangalie tena.

Nimenakili fomu zote kumi na tisa, mwandiko wa polepole, nikiwa na kalamu ya bluu na rula. Zimo ndani. Milango ya namba 4 ni ya mbao mbili mbili, upana futi nne na nusu, bawaba za shaba. Vigae vilivyovunjika nilihesabu thelathini na mbili. Hati haipo, kuna karatasi ya mkoloni tu. Mwanawe mmoja yuko Tunduru, analima korosho.

Mjomba, mambo yameharibika na sijui pa kuanzia.

Wiki iliyopita tulirudi namba 2 kule Matarawe, kwa Mzee Leo, kupima chumba kimoja tulichosahau. Tukamkuta juu ya nyumba yake anang'oa mabati. Bwana Kalinga akamwita kutoka chini, "Mzee, kulikoni?"

"Nawahi," akasema Mzee Leo.

"Unawahi nini?"

"Trekta lenu. Mmeniwekea nyekundu Januari, leo Machi. Nyie mnadhani mimi ni wa kuja? Jirani yangu barabara ilipopanuliwa alikaa akingoja barua, wakamvunjia na mabati juu. Mimi nyumba mtaivunja, bati mtalikuta kwa mwanangu Msamala."

Bwana Kalinga alikaa chini kwenye jiwe. Akasema, "Mzee, namba hiyo ni ya kuitunza nyumba."

Mzee Leo akacheka sana, akamwambia mkewe, "Sikia, mtani wetu anatunza nyumba kwa rangi ya kubomolea."

Ndiyo hivyo, Mjomba. Mji mzima unajua nyekundu ukutani ni ya kubomoa, na kopo letu ni lile lile walilotumia watu wa barabara. Sisi wawili tu ndio hatukukumbuka. Namba 2 haina paa. Namba 9 wameng'oa milango na kuiegemeza nje. Namba 11 wanachimba matofali kutoka nyuma ili wapitao mbele wasione. Tumetumwa tuandike ujenzi mpya unayafanya nini majengo ya kale, na mpaka sasa hakuna kilichoyafanyia vibaya kuliko sisi.

Bwana Kalinga ameniambia, "Walburga, nenda nyumba hadi nyumba, uwaeleze. Mimi naitwa kwenye vikao." Nikajaribu kwa namba 6, nikafika mlangoni nikapiga hodi kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, nikarudi. Halafu nikapata wazo. Nikaandika matangazo kwa mkono, "Jengo hili limeorodheshwa na ofisi," nikayabandika kando ya kila namba alfajiri kabla watu hawajaamka. Kumbe waliokuwa na mashaka, walipoona karatasi ya ofisi kando ya namba nyekundu, mashaka yakaisha. Kesho yake watu wa namba 6 nao wakaanza kufunga vyombo.

Bi Tabu naye sijamweleza. Napita upande wa pili wa barabara. Mjomba, wewe umeishi na watu wengi. Nianzeje kusema? Nipe hata sentensi mbili, nitazikariri.

Walburga

*

Dar es Salaam
2 Aprili 1995

Mpwa wangu,

Fomu zimefika, zimeandikwa kwa ustadi. Barua hii anakuletea Ibra, rafiki yangu wa kibiashara, pamoja na viatu vyako na kitenge cha Mama. Ana lori, amekuja kuangalia angalia mambo huko. Muonyeshe mji.

Kuhusu mabati na wasiwasi wa watu, mambo ya namna hiyo hujinyoosha yenyewe. Kwa Bi Tabu usiende kwa sasa. Mtu mzima akiwa na wasiwasi haongezewi maneno.

Nina haraka.
Tadei

*

Bombambili
18 Aprili 1995

Mjomba,

Shikamoo. Viatu vimenibana. Kitenge Bibi amekipenda. Pasaka tumesali vizuri.

Sikumuonyesha Ibra mji. Hakuhitaji. Siku ya pili nilimkuta kwa Mzee Leo, na lori limepaki. Alikuwa ananunua milango na boriti, na Mzee Leo alikuwa anashukuru. Ibra alimwambia, "Mzee, trekta likija huambulii hata kijiti. Mimi nakusaidia tu." Mkononi alishika karatasi amezibana kwa kibanio. Anatazama karatasi, anatazama mlango, anatia tiki.

Ni mwandiko wangu, Mjomba. Ile bluu yangu, na mistari yangu ya rula.

Nijibu swali moja tu, sihitaji mengine. Ulimtuma?

Walburga

*

Bombambili
9 Mei 1995

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita. Mama anasema posta ni mbovu. Mimi naona posta ilipeleka fomu zangu vizuri sana.

Matokeo yametoka, nimepata daraja la tatu. Mama amechinja jogoo.

Ibra amerudi na lori tupu. Amekubaliana na Bi Tabu: milango yote sita, vigae na boriti. Mlango mmoja wa kando ameshauchukua kama rehani ya maneno yao. Vilivyobaki atakuja kuvichukua na mafundi Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, na Bi Tabu atahamia kwa mwanawe Tunduru, mahali ambapo hajawahi kuishi hata mwezi. Ana miaka sabini na moja. Anauza nyumba nzima kwa sababu ya namba niliyoipaka mimi na sentensi ambayo sikuimaliza.

Sasa ni maswali mawili. Ulimtuma? Na ulijua kwamba hakuna trekta?

Walburga

*

Dar es Salaam
17 Mei 1995

Walburga,

Hongera kwa daraja la tatu. Salamu kwa wote.

Umeniandikia kama hakimu, nami nakujibu kama mjomba. Mwaka tisini na tatu niliitwa ofisini, mimi na wenzangu arobaini, tukaambiwa serikali inapunguza watu. Miaka kumi na minne ikaisha kwa karatasi moja. Hakuna afisa aliyekuja kunipaka namba kwamba mimi ni wa kutunzwa. Tukaambiwa tujitegemee, biashara ni huria. Ninajitegemea.

Hizo nyumba zitaanguka tu. Mwenyewe umeandika maji yanaingia, barabara iko juu ya sakafu, malori yanapasua kuta. Hiyo ofisi yenu itamletea Bi Tabu kigae hata kimoja? Itashusha barabara? Mna fomu tu. Mimi nampa mama yule kitu cha kushika mkononi, nanyi mnampa namba. Nani anamtendea wema?

Trekta hakuna aliyewaahidi watu hao isipokuwa wao wenyewe. Ibra hakulishika lile kopo.

Na nikueleze jambo ambalo lilikuwa liwe siri. Milango minne bora ya Bi Tabu haiji Dar. Inabaki hapo Songea. Mwezi wa nane nakuja kubomoa nyumba ya Bombambili. Ile aliyojenga marehemu Baba imechoka, na kiwanja ni kikubwa. Nitasimamisha gesti ya vyumba kumi na miwili, milango ya mninga mbele, na Mama atapewa chumba chake mwenyewe chenye saruji. Hajui bado, na usimwambie, wazee hushtuka. Mafundi wataanza na paa.

Septemba, mambo yakienda sawa, utakuja kusoma uhazili. Mpaka hapo kaa kimya tu, kama ulivyozaliwa.

Mjomba wako

*

Bombambili
5 Juni 1995

Mjomba Tadei,

Shikamoo. Hapa nyumbani tupo wazima. Mahindi yamekauka vizuri na mnunuzi binafsi amepita akitaja bei ya kututania, Mama akamrudishia gunia lake tupu. Mguu wa Bibi ni mzima.

Barua yako niliisoma mara tatu. Kuna mahali ulisema kweli na sikuweza kulala vizuri. Ni kweli hatuna vigae, na barabara hatutaishusha. Ni kweli kopo nililishika mimi. Ndiyo maana nikaenda.

Nilienda Ijumaa mchana, tarehe ishirini na sita. Nilipiga hodi mara tatu, ya tatu ikasikika. Bi Tabu alikuwa amekaa sebuleni juu ya kirago na kuta zimebaki tupu. Vitu vyake vyote vilikuwa vimefungwa kwenye kanga.

Nikamwambia, "Shikamoo Bi Tabu. Mimi ndiye niliyepaka namba."

"Marahaba. Nakujua. Unapita ng'ambo ya barabara kila siku kama unanidai."

Nikasema yote bila kupumzika, kwa sababu niliogopa nikipumzika nitaondoka tena. Kwamba namba si ya kubomoa. Kwamba ilikuwa ya kuhesabu nyumba ambazo mji usingependa kuzipoteza, na yake ilikuwa ya nne, na rangi nyeupe haikuwepo. Kwamba hakuna trekta na halijawahi kuwepo.

Akauliza, "Tangu lini unajua hivi?"

"Tangu Januari."

"Januari. Mimi miezi minne nalala na nguo zimefungwa, nikisikia lori nasema Mola wangu, ndilo hilo. Nikakuuliza pale pale, ukiwa na brashi mkononi. Ulishindwa nini kunijibu?"

"Niliona haya."

"Haya," akasema. "Haya yako imenitolea mlango mmoja, binti. Mwenzio akiona haya anainama chini. Wewe umeona haya umeniinamisha mimi."

Nikamwambia pia kwamba Ibra ametumwa na mjomba wangu, na karatasi anazoshika niliziandika mimi. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Akasema, "Fungua hizo kanga. Chungu kiko kwenye ile ya kijani. Utapika wewe, mimi kwa hasira hizi nitakivunja."

Tukapika maharage. Jioni nikaenda namba 6, namba 9, namba 11, na kwa Mzee Leo nikaenda mwisho. Mzee Leo hakucheka safari hii. Alitazama juu palipokuwa na paa lake na kusema, "Mngesema, mwanangu. Mngesema tu." Hilo nimelibeba.

Jumamosi Ibra alifika na mafundi wawili. Bi Tabu alikuwa ameweka kirago chake kwenye kizingiti cha mlango mkubwa na anachambua mchele. Nilikuwa kando yake.

Ibra akasema, "Mama, leo ndiyo siku yetu."

"Siku yenu na nani?"

"Tulikubaliana, Mama. Trekta..."

"Hilo trekta nililinunua kwako. Nalirudisha. Nawe nirudishie mlango wangu."

Ibra akanigeukia mimi. "Wewe si mpwa wa Tadei? Mwambie mama."

Nikasema, "Nimeshamwambia."

Ni neno moja, Mjomba, ila watu wa sokoni walilisikia. Ibra alikaa kwenye lori hadi adhuhuri akingoja Bi Tabu achoke. Mchele ulipokwisha akaleta dengu. Mafundi wakaomba maji, wakapewa, kisha wakaomba ruhusa wakaenda zao. Mlango wa kando umerudi Jumatatu, bawaba moja imepinda. Kwa Mzee Leo hakuna kilichorudi. Mbao zake zilikwisha kufika huko kwako, na hilo utalimaliza wewe naye.

Sisemi nyumba imepona. Mvua za mwaka huu zikija maji yataingia kama kawaida. Bwana Kalinga ameandika kuomba mfereji uchimbwe kando ya barabara, na anasema jibu litakuja yeye akiwa mstaafu. Lakini Bi Tabu yumo ndani, na vyombo viko rafuni.

Sasa habari ya nyumbani. Siri yako sikuitoa. Ilitoka yenyewe: Ibra, akingoja kwenye lori, aliwalalamikia watu wa sokoni kwamba milango ile ilikuwa ya gesti utakayojenga palipo na nyumba ya Bibi. Habari za kwa Bi Tabu zilifika Bombambili kabla yangu, na watu waliosikia kwamba nyekundu ni ya kutunza wakaanza kudai namba. Mmoja ana nyumba ya mwaka juzi, anataka namba. Bibi alinisubiri uani na fimbo yake.

"Hii nyumba babu yako alifyatua matofali yake mwenyewe, mwaka ambao mama yako alizaliwa. Namba yangu iko wapi?"

Nikamwambia haikuwa kwenye orodha. Akasema orodha si Biblia. Bwana Kalinga akaja na futi kamba, akapima, akamwambia Bibi nyumba yake ni ngumu kama kichwa cha Mngoni. Sasa ni namba 20. Nimeipaka mbele, kando ya mlango, mchana watu wakiona, na kila aliyepita nimemweleza maana yake. Sauti yangu ilikauka. Bibi anasema mtu asiyeitaka namba hiyo aje mwenyewe aifute, akiwa amesimama mbele yake.

Uhazili usijisumbue. Bwana Kalinga ameongezewa miezi sita ya kazi hii, amesema ananihitaji, safari hii kwenda kupiga hodi.

Fomu tuliijaza ukumbini, Bibi akiwa amekaa kiti chake. Mwaka, aliyejenga, paa, milango. Nilipofika mstari wa mwisho nikamsomea, kinachotishia jengo. Nilidhani atasema mchwa. Akasema, "Andika: mwanangu Tadei."

Nikaandika. Kwa bluu, na rula. Anakusalimia sana.

Mpwa wako,
Walburga